Neno Hujulikana kwa Jirani Zake

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, walisema wazee wa Waswahili. Dole hupona baada ya siku chache, lakini neno likiisha kutoka kinywani halirudi tena. Methali hiyo naikumbuka kila juma, maana kazi yangu ya alasiri ni kufundisha vijana wa Oicha lugha ya Kiingereza, na katika njia ya lugha hiyo visiki ni vingi.

Leo, wasomaji wapendwa, napenda kuwaonyesha kisiki kimoja tu. Ni herufi nne zinazopenda kutembea pamoja: o, u, g na h. Ukifungua kitabu cho chote cha Kiingereza utakutana nazo mapema. Zimefuatana vile vile kila mara, kama ndugu wanne waliovaa nguo za kitambaa kimoja. Lakini ole wako ukidhani kwamba kila zinapoandikwa husomwa kwa sauti moja! Nataka kuwaeleza pia dawa ya kisiki hicho, kwa sababu dawa yenyewe yafaa kwa mambo mengine, wala si kwa Kiingereza peke yake.

Kwanza nijibu swali la wazazi. Mama mmoja aliniambia: «Mwalimu, mtoto wangu ana Kinande cha nyumbani, Kiswahili cha sokoni na Kifaransa cha shuleni. Mafiga ni matatu, na chungu kimekaa vizuri. Figa la nne la nini?»

Swali lake ni la haki. Lakini tazameni nchi yetu ilivyokaa. Kutoka Oicha kwenda Beni ni kilometa kama 30. Kutoka Beni kwenda Kasindi ni kama 80, na ng'ambo ya pale ni Uganda, ambako Kiingereza ni lugha ya ofisi na ya shule. Kakao na kahawa ya mashamba yetu hupita njia ile, na bidhaa za dukani hurudi kwa njia ile ile. Mwaka 2022 Kongo yetu iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo kazi zake nyingi hufanyika kwa Kiingereza. Wala lugha hii si mgeni wa jana hapa kwetu. Daktari Carl Becker, Mmarekani wa misioni ya Kiprotestanti iitwayo Africa Inland Mission, alitibu wagonjwa hapa Oicha tangu miaka ya 1930 mpaka vita vya mwaka 1964 vilipomwondoa.

Tena wageni wanaokuja kwetu kwa sababu ya taabu zetu, wengi wao husema Kiingereza. Wakati wa Ebola, tangu Agosti 2018 hadi Juni 2020, tuliisikia lugha hiyo mara nyingi. Na tangu mauaji yalipoanza katika teritwari yetu ya Beni mwaka 2014, watu wamekuja na kalamu na vyombo vya kunasa sauti, kuwauliza wakimbizi habari zao. Mgeni huuliza, mkalimani hugeuza. Mkimbizi hujibu, mkalimani hugeuza tena. Mkalimani mwema ni baraka kubwa. Lakini anayekusemea huweza kupunguza chumvi au kuizidisha, nawe hujui. Basi nilimjibu yule mama kwamba figa la nne si la chungu cha leo. Ni la chungu ambacho mtoto wake atakipika kesho, labda mbele ya watu asiowajua.

Haya, sasa tuingie darasani. Naandika ubaoni neno la kwanza: «though». Maana yake ni ingawa, nalo husomwa «dhou». Naongeza herufi moja tu, yaani r, bila kuwagusa wale ndugu wanne: «through». Maana yake ni kupita katikati ya kitu, kuingia huku na kutokea kule. Je, tusome «dhrou»? Hata kidogo! Husomwa «thruu». Tuchukue «tough», yaani ngumu, kama nyama ya jogoo mzee: husomwa «taf». Tuchukue «cough», kikohozi: «kof». Tuchukue «bough», tawi nene la mti: «bau». Tuchukue «thought», alifikiri: «thoot», na hapo g na h zimenyamaza kabisa. Hesabuni wenyewe: maneno sita, sauti sita, na herufi ni zile zile.

Juu ya shida hiyo, sisi wa Kongo tuna yetu. Ndugu zetu wa pwani husema dhambi na thelathini, ncha ya ulimi ikigusa meno. Sisi tangu zamani twasema zambi na salasini. Kwa hiyo «though» katika vinywa vyetu hugeuka «zou», na «thought» hugeuka «soot». Nawaambia vijana watoe ncha ya ulimi kidogo kati ya meno. Wao hucheka kwanza, kwa kuwa nyumbani wamefundishwa kwamba kutoa ulimi mbele ya mkubwa ni matusi. Baada ya siku mbili tatu aibu hupungua, na ulimi hutii.

Sasa, maneno haya yafundishwe namna gani? Wako walimu wanaoyapanga kama askari wa gwaride, safu baada ya safu, na wanafunzi huyaimba mpaka wayajue kwa moyo. Kuimba si kubaya. Lakini nimewaona vijana walioweza kuimba safu nzima bila kukosea, nao wakiulizwa jambo dogo hawapati neno hata moja la kujibu. Neno walilolijua lilikuwa kama ufunguo usio na mlango.

Kwa sababu hiyo mimi silitoi neno peke yake. Nalitoa pamoja na jirani zake, yaani ndani ya sentensi nzima. Nasema: «Though it rained, we went to church.» Ingawa mvua ilinyesha, tulikwenda kanisani. Nasema: «The road is rough.» Njia ni mbovu, ina mashimo na mawe, na «rough» husomwa «raf», ndugu wa baba mmoja na «tough». Mtu wa Oicha haulizi maana yake mara mbili! Nasema: «We have enough beans.» Tuna maharagwe ya kutosha, na «enough» husomwa «inaf». Nasema: «The child has a cough.» Mtoto ana kikohozi.

Kisha naleta sentensi ndefu kidogo: «Father bought a goat at the market and brought it home.» Baba alinunua mbuzi sokoni, akamleta nyumbani. Tazameni maneno mawili, «bought» na «brought». La kwanza ni alinunua, la pili ni alileta. Yameachana kwa herufi moja, ile r. Mwanafunzi akiyasoma katika safu huyachanganya. Lakini akimwona mbuzi, kwanza fedha zikitoka mfukoni sokoni, kisha kamba mkononi njiani, hayachanganyi tena.

Herufi hiyo moja si mchezo. Kijana mmoja wa jamaa yangu aliijua safu yote kwa moyo. Siku moja, kwenye kituo fulani cha mpaka, aliulizwa kwa Kiingereza habari za mfuko alioubeba. Mfuko ulikuwa wa mjomba wake. Yeye alitumwa kuuleta tu. Alitaka kusema ameuleta, akasema ameununua. Basi wakadai hati ya ununuzi, naye hana. Wakadai ushuru kama wa mwenye mali, naye hana fedha. Akalala pale usiku kucha, mpaka mjomba alipofika asubuhi na kueleza. Herufi moja iliwala nauli watu wawili.

Iko jamaa nyingine ya herufi ambayo wauzaji wa kakao wanapaswa kuijua: e, i, g na h. «Eight» ni nane, husomwa «eit». «Weight» ni uzito, husomwa «weit», nayo yafuata vizuri. Lakini «height», yaani kimo, husomwa «hait»! Tena kumi na nane ni «eighteen» na themanini ni «eighty», na sauti zake zakaribiana sana hata wenye lugha wenyewe hulazimika kurudia. Kati ya kilo 18 na kilo 80 kuna ada ya shule ya mtoto. Kwa hiyo twasema darasani: «Eight tens are eighty.» Makumi manane ni themanini. Na nawaonya kwamba mbele ya mizani, hata wakiwa na masikio mazuri, waombe hesabu iandikwe kwa tarakimu.

Labda mmoja wenu atauliza: Je, Waingereza waliandika hivi ili kuwatesa watu? Sivyo. Hapo kale g na h hizo zilisomwa kweli. Sauti yake ilitoka kooni, kama watu wa pwani wasemapo kheri, au kama Wajerumani wasemapo «Nacht», yaani usiku, ambalo kwa Kiingereza ni «night». Baada ya Wanormandi kutoka Ufaransa kuishinda Uingereza mwaka 1066, waandishi walizoea polepole kuiandika sauti hiyo kwa gh. Karne zikapita, na ulimi wa watu ukaichoka sauti ya kooni. Mahali pengine wakaiacha kabisa, mahali pengine wakaigeuza kuwa f. Jimbo hili likasema hivi, na jimbo lile likasema vile. Mwishowe lugha ya wote ikaokota neno moja kutoka huku na jingine kutoka kule.

Lakini kabla mambo hayo hayajatulia, mtambo wa kuchapa vitabu ulikuwa umekwisha fika. William Caxton aliuweka wa kwanza wa Uingereza huko Westminster mwaka 1476. Kalamu ya mkono huandika leo hivi na kesho vile, bali kitabu kilichochapwa husambaa, na watu wote hukifuata. Ulimi ukaenda mbele, herufi zikabaki nyuma. Basi gh ya leo ni kama mashimo ya nguzo katika kiwanja cha nyumba iliyobomolewa. Nyumba haipo tena, lakini wajua kwamba watu walikaa pale.

Mmarekani Noah Webster, katika kamusi yake kubwa ya mwaka 1828, alitaka kusafisha kiwanja kidogo. «Plough», jembe la kukokotwa na ng'ombe, yeye aliliandika «plow». Wamarekani wakamfuata, Waingereza wakakataa. Kumbe hata wenye lugha hawajapatana mpaka leo!

Kiswahili kilishika njia nyingine. Katika vitabu vya zamani twasoma khabari na kheri. Leo twaandika habari na heri. Ulimi ulipohama, herufi zilihama nao. Mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, Kiswahili cha Unguja kilichaguliwa kuwa msingi wa maandishi, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kuyaangalia. Ndiyo maana mtoto akijua silabi zake aweza kusoma barua yo yote ya Kiswahili, hata kama haelewi yaliyomo.

Lakini tusijisifu mno. Someni sentensi hii: Mafundi walitengeneza barabara barabara. Barabara ya kwanza ni njia kuu, na sauti yatua juu ya silabi ya tatu. Barabara ya pili maana yake ni sawasawa, na sauti yatua juu ya silabi ya pili. Herufi ni nane na nane, hata moja haikuzidi. Au chukueni neno kaa. Kaa la moto ni la jikoni, kaa wa baharini ana miguu mingi, na kaa kitako ni amri kwa mgeni aliyefika. Nani aliyewaambia tofauti? Si herufi. Ni jirani zake: la moto, wa baharini, kitako.

Na Kinande chetu je? Wasomi wa lugha wamehesabu ndani yake vokali saba, nasi wengi wetu twaziandika kwa herufi tano. Tena sauti zake hupanda na kushuka, na maana hugeuka pamoja nazo, wala kalamu haionyeshi. Mapadri wa Assumption walipofika katika nchi yetu mwaka 1929, watu waliosoma vitabu vingi huko Ulaya, iliwabidi kusikiliza na kurudia kama watoto wachanga. Siku zile waliojikwaa ni wao, na walimu walikuwa babu zetu.

Hata Kifaransa, ambacho twakiheshimu kama lugha ya masomo, kina mambo yake. Wengi wenu mwaijua sentensi hii ya kale ya shuleni: «Les poules du couvent couvent.» Kuku wa nyumba ya watawa wanaatamia mayai. Neno la kwanza ni nyumba ya masista, nalo huishia katika pua. La pili ni kuatamia, nalo husomwa «kuv» tu. Herufi ni saba na saba. Atakayeyatenganisha maneno hayo ni nani, kama si kuku wenyewe?

Basi kila lugha ina kona zake za giza, na taa yake ni ile ile: sentensi. Jambo hili watu wenye hekima walilijua zamani. Samuel Johnson, alipotoa kamusi yake ya Kiingereza huko London mwaka 1755, hakutosheka na kueleza maana. Aliweka chini ya maneno mifano zaidi ya 100,000 kutoka vitabu vya waandishi, ili msomaji aone neno likifanya kazi. Baada yake ikaja kamusi kubwa ya Oxford, iliyoanza kutoka kwa sehemu mwaka 1884 na kumalizika mwaka 1928. Watu wa kawaida, hata wa nchi za mbali, waliokota sentensi katika vitabu walivyosoma, wakaziandika katika vipande vya karatasi, wakazituma kwa posta. Kwetu Afrika, Padri Charles Sacleux wa Shirika la Roho Mtakatifu alikaa miaka mingi Unguja na Bagamoyo akisikiliza maneno ya watu wa pwani. Kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa ilianza kuchapwa Paris mwaka 1939, naye alikuwa na umri wa miaka zaidi ya 80. Mtu huyo alijua kwamba neno halikai kitabuni. Hukaa katika vinywa vya watu, na huko ndiko lazima kwenda kulitafuta.

Hapa nafika kwenye jambo ninalotaka hasa kulisema. Ikiwa neno hujulikana kwa jirani zake, basi na tuulize: jirani gani?

Vitabu vingine tunavyopata vimetoka mbali. Sentensi zake zasema kwamba theluji ilianguka usiku kucha, kwamba treni imechelewa, kwamba bibi fulani alimletea mbwa wake kitanda kipya. Mtoto wa Oicha hajapanda treni. Theluji, labda ameiona ile ya Ruwenzori, kwa mbali, siku mawingu yakiondoka. Atazikariri sentensi hizo, maana mtoto hukariri cho chote. Lakini jirani wa neno asiyejulikana ataweza kumjulisha mtoto neno namna gani? Mgeni hawezi kumtambulisha mgeni.

Kwa hiyo niliwaagiza vijana wangu waandike sentensi zao wenyewe. Kila mmoja achague maneno mawili yenye ndugu wale wanne, na aandike jambo alilolijua kwa macho yake. Mvulana mmoja akasimama, akasoma: «Though the hen is thin, she has brought up nine chicks.» Ingawa kuku ni mwembamba, amelea vifaranga tisa. Mwingine akasoma: «My sister bought sugar and thought it was salt.» Dada yangu alinunua sukari akadhani ni chumvi. Darasa zima likacheka, na dada mwenyewe, aliyeketi mstari wa mbele, akacheka kuliko wote. Nawaambieni, hakuna aliyesahau «bought» na «thought» tangu siku hiyo.

Kisha akasimama msichana ambaye jamaa zake walikuja Oicha wakikimbia kijiji chao. Yeye hasemi sana. Akasoma: «We walked through the night, and my brother did not cough.»

Tulitembea usiku kucha, na ndugu yangu hakukohoa.

Hakuna aliyecheka. Mwingereza akiisoma sentensi hiyo nyumbani kwake, labda atafikiri kwamba mtoto alikuwa na afya njema. Lakini kila mtu wa Oicha anajua maana yake. Kila mtu aliyewahi kujificha porini na watoto, akisikia nyayo za watu asiowajua, anajua kikohozi cha mtoto ni nini. Tazameni pia neno lile «through». Msichana hakuandika «at night», yaani wakati wa usiku tu. Aliandika neno la kuingia huku na kutokea kule. Usiku ule ulikuwa na mwanzo na mwisho, nao waliupita wote, wakatokea upande wa pili wakiwa hai. Sidhani kwamba kamusi yo yote ina mfano bora kuliko huo. Na maneno yake mawili, «through» na «cough», yana ndugu wale wanne, yakiandikwa sawa na yakisomwa mbali mbali.

Baada ya masomo katekista wetu, mzee ninayemheshimu sana, aliniita kando. Alikuwa amesikia kutoka mlangoni. Akasema: «Mwalimu, watoto hawa wameona ya kutosha. Mbona wayaandike tena, na kwa lugha ya kigeni? Waandike habari za mpira na za mashamba. Shule na iwe mahali pa kupumzika moyo.»

Maneno hayo niliyapima, maana si maneno ya kudharau. Kidonda kikichokorwa kila siku hakiponi. Lakini jambo moja lilinizuia kumkubalia yote. Msichana yule nilikuwa nimemwuliza kwa upole kwa nini alichagua habari hiyo, naye alinijibu: «Kwa Kinande bado yaniuma, mwalimu. Kwa hivi naweza kuyashika.» Tena akaongeza: «Wakija tena kutuuliza, nitasema mwenyewe.»

Nilimrudia mzee, nikamweleza. Alikaa kimya kitambo, kisha tukapatana hivi. Hakuna mtoto atakayeagizwa kuandika msiba wake; kumwagiza ni kumchokora. Lakini atakayeuandika kwa hiari yake, hakuna atakayemfutia. Kazi yetu ni kusahihisha herufi. Habari yenyewe si yetu kuisahihisha. Mzee ndiye aliyeyasema maneno hayo ya mwisho, nami nayatumia mpaka leo kama sheria ya darasa.

Tangu hapo daftari za vijana zimejaa sentensi za kila namna. Zipo za kuku na za mvua, za kakao iliyooza kwa sababu njia ilifungwa, za harusi, za timu iliyoshindwa, za bibi anayesali rozari huku akimenya mihogo. Zipo pia za usiku. Yote ni maisha ya Oicha, na yote yameandikwa kwa herufi za watu wa mbali. Lugha ya kigeni ikipokea habari zako haibaki ya kigeni kabisa. Imekuwa kama nyumba uliyopanga, ambayo umetundika ukutani picha ya mama yako.

Basi, wasomaji wapendwa, nawapeni mashauri machache, kama mtakubali kuyapokea kutoka kwa mwalimu wa kijijini.

Ninyi vijana, msijifunze maneno kama kuhesabu mawe. Kila mpatapo neno jipya, liwe la Kiingereza, la Kifaransa au la Kiswahili safi, litafutieni sentensi moja iliyo ya kweli katika maisha yenu, mkaiandike. Sentensi tatu kwa siku zatosha. Kwa mwaka mmoja zitapita 1,000, na huo ni utajiri ambao mwizi haubebi, wala mkimbizi hauachi nyuma.

Ninyi walimu wenzangu, msiwacheke wanaosoma «cough» kama «through». Herufi zimewadanganya, wao hawana kosa. Waelezeni kwamba Waingereza wenyewe walihama wakaacha mashimo ya nguzo. Mtoto akijua sababu ya ugumu, haoni tena kwamba ugumu ni upumbavu wake.

Nanyi wazazi, msiseme: Sisi hatukusoma, tutamsaidiaje mtoto? Hamhitaji kujua Kiingereza. Mtoto akirudi jioni na daftari yake, mwambieni awasomee sentensi moja, kisha awaeleze maana yake kwa Kinande. Msikilize mpaka mwisho. Akiwa ameandika jambo la kuchekesha, chekeni naye. Akiwa ameandika lile jingine, msimkatize na msimfundishe kitu. Kaeni naye tu mpaka atakapofunga daftari mwenyewe.